Muziki Usio na pa Kupunguzia

Nyansurura,
8 Februari 1998

Ndugu yangu Elia,

Pokea salamu za huku. Verdiana hajambo, ana miaka minne sasa na maswali kama hakimu. Mvua imenyesha kidogo, mihogo imeshika. Hayo ni ya kusomwa na yeyote atakayeifungua barua hii njiani. Yanayofuata ni yako peke yako, ndiyo maana nimempa Agustina muuza dagaa akufikishie mkononi huko machimboni.

Mwaka jana uliponikuta nimefungwa mkono nilikwambia nimeanguka ghalani. Sikuanguka. Na hili jino la mbele halikung'olewa na daktari. Mume wangu Heche ana mkono mwepesi, na pombe ikiingia unakuwa mwepesi zaidi. Nilinyamaza kwa sababu mama alitufunza kwamba aibu ya nyumba hufunikwa na mwenye nyumba. Nimefunika vya kutosha, nimechoka.

Nataka kuondoka, na nataka kuondoka na mwanangu. Mambo yetu Wakurya unayajua. Ng'ombe alizotoa Heche ziliingia boma la baba kwa ajili yangu, na baba akasema kabla hajafa: hizi ni za Elia, ataoa kwa ng'ombe za Bhoke. Wewe hujaoa, na leo naushukuru uvivu wako. Maana yake ng'ombe zangu bado ziko kwetu Busawe zinakula majani. Zikirudi kwa Heche mbele ya wazee, mimi ni huru na Verdiana ni wangu. Zisiporudi, naweza kukimbilia hata Nairobi lakini mtoto atabaki, kwa sababu mtoto ni wa mwenye ng'ombe.

Nenda nyumbani ukazitazame. Halafu uniandikie kwamba uko tayari kuzirudisha. Mzee Mokami, mkubwa wa wazee wa hapa, amesema watakaa siku nitakayokuwa na neno la kwetu.

Dada yako,
Bhoke


Machimboni, Nyamongo
20 Februari 1998

Mama Rispa,

Shikamoo mama. Mimi mzima, ni vumbi tu. Huku watu wanaongezeka kila kukicha. Wametoka Geita, wametoka Kahama, kila aliyesikia neno dhahabu amebeba sururu. Mchana wako chini kwenye mashimo, jioni wanataka kinywaji na muziki. Na muziki ninao mimi peke yangu, ukiacha redio za betri.

Mzigo ulioniuzia ulifika salama: pawa, deki ya sidii na zile spika mbili kubwa kama makabati. Kinachokosekana ni lile boksi la katikati, priampu, ambalo pesa haikulifikia. Nilidhani nitaweza kungoja, lakini wateja hawangoji. Je, nikiutoa waya kwenye deki nikauchomeka moja kwa moja kwenye pawa, nitaunguza kitu? Hiyo pawa yenyewe haina kitufe chochote isipokuwa cha kuwashia.

Jambo lingine mama, tafadhali sana. Dada Bhoke akipita hapo dukani kwako Sirari, au akikuandikia, usimwambie kwamba vyombo hivi ndio wale ng'ombe wa Busawe. Ameniandikia eti mumewe alimvunja mkono, sasa anataka warudi kwa huyo mume. Nitanunua wengine, muziki ukishika ni miezi michache tu. Ana hasira za kike, zitapoa.

Mimi mwanao,
Elia


Sirari,
2 Machi 1998

Elia,

Marahaba. Nimesoma barua yako na sikufurahi.

Wacha nianze na hiyo mashine. Deki inatoa sauti ya kipimo kimoja tu, haijui kama watu wanalala ama wanacheza. Pawa nayo kazi yake ni kusukuma, unaipa kidogo inakurudishia kubwa. Priampu ndiyo inakaa katikati yao inasema ngojeni, polepole, hapa kuna wazee. Ukiitoa, hao wawili wanashikana na hakuna wa kuwaamua. Haitaungua, kama spika zinabeba. Hata sauti itakuwa safi sana, hiyo ni kweli, iko watu wanaunganisha hivyo kwa kupenda. Lakini deki zao ziko na kitufe cha kupunguza, ama lile tundu la hedifoni lenye kigurudumu chake. Yako haina. Kwako itakuwa ni kuwasha ama kuzima, basi. Priampu iko hapo Isebania kwa binamu yangu Odoyo, ukipata pesa kuja.

Sasa hayo mengine. Ulipokuja na pesa uliniambia ng'ombe ni za kwako, nikaamini, nikafikiri umeshaoa na hizo zimebaki. Mimi ni Mjaluo, kwetu pia tunaoa na ng'ombe, kwa hivyo usinieleze kama mgeni. Ng'ombe za dada si mtaji. Ndiyo njia yake ya kurudi nyumbani siku mambo yakiharibika, na wewe umeuza njia na mtu bado yuko upande ule. Mwambie ukweli wewe mwenyewe. Mimi sitamtafuta nimwambie, lakini akiniuliza sitamdanganya. Huyo msichana nilimbeba mgongoni wakati mama yako anauza ndizi hapa sokoni.

Na hasira za kike ni nini? Mtu amevunjwa mkono.

Rispa


Machimboni, Nyamongo
15 Machi 1998

Dada Bhoke,

Shikamoo dada. Barua yako niliipata, imeniumiza sana. Huyo shemeji sikumdhania. Lakini dada, usifanye haraka, haraka haraka haina baraka. Ng'ombe wako mahali pazuri, usiwe na wasiwasi nao. Nipe muda kidogo tu niweke mambo yangu sawa, halafu nitakuja mwenyewe tukae na wazee.

Ngoja nikupe habari ya kukufurahisha. Sasa nina muziki wangu, dada. Watu waliniambia bila boksi la katikati hauwezi kulia. Nilichukua waya, nikatoa kwenye deki, nikachomeka kwenye pawa moja kwa moja, nikafumba macho nikabonyeza. Dada, sauti iliyotoka hujawahi kuisikia. Safi kabisa, haina mvumo wala mkwaruzo, gitaa unalisikia uzi kwa uzi. Kuku wa jirani walihama. Mabati ya baa yalicheza. Wachimbaji walitoka na vumbi lao wakaja kusimama mlangoni midomo wazi. Tatizo lake ni moja dogo, hauna pa kupunguzia. Ukiwaka umewaka. Mtu akitaka kuongea na mimi inabidi atoke nje mpaka kule kwenye mikaratusi. Lakini huku nani anataka kuongea?

Wananiita Mzee wa Moja kwa Moja. Mbusu Verdiana.

Mdogo wako,
Elia


Nyansurura,
30 Aprili 1998

Elia,

Nimeisoma habari ya gitaa lako. Nimeitafuta humo habari ya ng'ombe zangu nikakuta "mahali pazuri". Mahali pazuri ni wapi? Busawe hapana jina lingine.

Nakuuliza kwa sababu juzi Heche alirudi kutoka mnadani akicheka peke yake. Alikaa, akaomba maji, akasema amemwona yule ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja, aliyemtoa kwa ajili yangu, mikononi mwa mchuuzi, anapakiwa kwenye lori la Mkenya. Halafu akasema, "Basi kumbe wewe umefika, huna pa kurudi." Tangu siku hiyo hanipigi akiwa amelewa tu. Ananipiga akiwa mzima, na anachagua pa kupiga.

Lisemwalo lipo, Elia. Niambie kweli. Kama umeuza mmoja, sema mmoja, tutatafuta wa kumfidia, wajomba wapo na wana mbuzi. Kama ni wote, sema ni wote, nijue ninasimamia wapi. Kukosa ng'ombe ninaweza kuwaeleza wazee, wakampa ndugu yangu muda wa kulipa. Mzee Mokami ameniambia hivyo kwa mdomo wake, ilimradi upande wetu useme wazi kwamba hautaki tena ndoa hii.

Na sasa sikia hili. Heche anaoa mke wa pili. Sherehe ni tarehe 23 Mei, na amesema, "Mwite shemeji aje na muziki wake, nitamlipa vizuri." Heche hajawahi kumlipa mtu vizuri. Lakini njoo. Wazee watakaa Jumamosi inayofuata, na ninataka kukuona kwa macho kabla hawajakaa.

Bhoke


Machimboni, Nyamongo
10 Mei 1998

Dada,

Ng'ombe wekundu wenye pembe moja ni wengi duniani. Nitakuja tarehe 23, nimepata pikapu ya kubeba jenereta na spika. Tutaongea yote uso kwa uso, barua haifai kwa mambo haya.

Elia


Nyansurura,
25 Mei 1998

Elia mdogo wangu,

Nimekuwa nikikusema vibaya moyoni miezi mitatu, na leo naomba unisamehe.

Uliona mwenyewe nilivyowekwa jikoni siku nzima, kazi ya mke mkubwa ni kumpikia mke mdogo. Sikupata hata nafasi ya kukupa maji. Nilipoleta ugali kwa wazee ndipo nikamsikia Heche akimnong'oneza kaka yake kwamba atakulipa kwa mtamba, mbele ya watu wote, na kwamba ukishaishika kamba mimi nimekwisha. Niliacha sinia pale pale. Ule muziki wako, ndugu yangu, unaingia mpaka kwenye meno, sijui unaishi vipi nao. Nilikufikia pale mezani, nikakushika bega, nikakwambia sikioni: usipokee ng'ombe, mwambie unataka pesa, au usitake chochote, lakini ng'ombe usiguse. Na nikakwambia Jumamosi uje kwa wazee useme hatutaki tena ndoa hii. Ukanitazama, ukacheka, ukatikisa kichwa mara kadhaa kwamba ndiyo. Halafu wakanivuta nirudi jikoni, nikafungiwa na masufuria mpaka wageni walipotawanyika.

Kwa hiyo sikuona mwisho wake, lakini nimelala vizuri siku mbili hizi. Mtu aliyetikisa kichwa vile amenielewa. Nakungoja Jumamosi.

Dada yako,
Bhoke


Machimboni, Nyamongo
25 Mei 1998

Dada Bhoke,

Shikamoo. Nimerudi salama. Sherehe ilifana, si utani, hata wa Busawe wamesema waliusikia muziki upepo ulipogeuka.

Samahani hatukuongea. Nilitaka, lakini ukizima katikati ya wimbo kwa mwenye sherehe ni kama umemwaga pombe yake. Nilikuona ulivyokuja kuniambia kwamba umefurahi nimefika, nami nikafurahi. Uso wako ulinikumbusha mama.

Dada, nataka kusema kitu usikasirike. Huyo shemeji si mbaya kama unavyomwandika. Amenilipa mtamba mzima, mweupe, mzuri ajabu. Alinikabidhi kamba mwenyewe mbele ya wageni wote, na Mzee Mokami akapiga makofi. Mtu wa kukuchukia angefanya hivyo kwa ndugu yako? Labda ni wewe ungemvumilia kidogo, hasa sasa ana msaidizi wa kumpunguzia hasira.

Jumamosi sitafika. Ninampeleka mtamba Sirari, nikimuuza napita Isebania kuchukua priampu. Bila priampu siwezi kupiga kwenye harusi za kanisani, wachungaji wanataka muziki wa chini. Nikianza kupata kazi za makanisa, ng'ombe zako zitarudi mapema kuliko unavyodhani.

Elia


Nyansurura,
8 Juni 1998

Elia,

Barua zetu zimepishana njiani. Agustina aliniletea yako Jumapili, siku moja baada ya wazee kukaa. Angeileta Ijumaa nisingejipaka mafuta kwenda pale.

Nitakueleza kilichotokea, kwa sababu hukuwepo. Nilisimama peke yangu. Nilifungua mkono wangu wakauona ulivyopinda. Nilifungua mdomo wakaona pengo. Mzee Mokami akamuuliza Heche kama ni kweli, naye hakukana hata kimoja. Alisema tu, "Wazee, mimi nawauliza habari za kwao huyu mwanamke. Kwao hawataki ndoa hii?" Nikasema ndugu yangu haitaki, yuko njiani. Watu wakaguna. Heche akasema, "Huyo ndugu yake juzi mlimwona amepokea mtamba mkononi mwangu, nanyi mkapiga makofi. Nimeongeza mahari, kwao wamepokea. Sasa mnavunja nini?"

Nikasema ule ulikuwa ujira wa muziki. Unajua walivyocheka? Mzee Mokami hakucheka. Aliniambia kwa upole, "Binti yangu, ujira ni pesa. Mwanamume hapokei ng'ombe kwa mume wa dada yake mbele ya watu halafu akasema ni ujira. Huko ni kukubali." Na mimi nilijua kwamba anasema kweli, hata mtoto wa miaka saba wa kwetu analijua hilo. Wewe tu ndiye hulijui, au ulilijua ukatazama uzuri wa mtamba. Wamesema nirudi jikoni. Wamesema neno hili lisiletwe tena.

Nilikwambia sikioni. Midomo yangu iligusa sikio lako. Nilisema usipokee, nawe unaniandikia kwamba nilikuja kukueleza furaha yangu. Furaha ya nini, Elia? Ya kupikia harusi ya mume wangu?

Nakuuliza jambo moja, na ulijibu bila kuzungukazunguka. Ulinisikia au hukunisikia?

Bhoke


Machimboni, Nyamongo
22 Juni 1998

Dada yangu,

Sikukusikia. Naapa kwa kaburi la baba. Ile mashine ilikuwa haina pa kupunguzia, nilikwambia tangu mwanzo. Nikiwa mezani sisikii hata kikohozi changu. Mtu akija na kuongea natikisa kichwa tu, ndivyo ninavyofanya kwa kila mtu, wengine wanaomba wimbo, wengine wananisifu. Nilidhani unanisifu.

Na ng'ombe wale, ni kweli niliwauza. Wote. Nilitaka kukwambia ana kwa ana. Nilidhani nina wakati.

Dada, najua umekasirika, lakini kosa si langu peke yangu. Ungeniambia habari ya mtamba kwenye barua ya Aprili ningejua. Ungenivuta nje. Ungechomoa hata waya. Mimi ni kijana, nimekaa machimboni tangu nikiwa na miaka kumi na sita, mambo ya wazee nimeyasikia nusu nusu.

Ila nimenunua priampu. Ni ndogo, nyeusi, ina kitufe kimoja kikubwa katikati. Sasa muziki unaweza kushuka mpaka watu wawili wanaongea kwa kawaida, nao bado unalia. Wiki iliyopita nimepiga kwenye komunyo, padri akanishika mkono. Ukija huku tutakaa mezani na utaniambia yote, nami nitasikia kila neno. Nitakununulia ng'ombe, dada, nakuahidi. Nipe mwaka.

Elia


Sirari,
12 Septemba 1998

Elia,

Unaona nilipoandikia. Niko kwa Mama Rispa. Naosha, napika, nauza betri na waya. Hanidai maneno. Siku ya kwanza nilimuuliza habari ya ng'ombe zangu, akaniambia yote hapo hapo, tena akalia, kwa sababu pesa ya mtamba aliipokea yeye na kumpa Odoyo bila kuuliza mtamba umetoka wapi.

Niliondoka Julai, siku Heche aliyoshika panga. Sikuondoka na kitu. Verdiana alikuwa kisimani na mke mdogo, na njia ya kisimani ni ile ile ya kina kaka zake Heche, kwa hiyo nilipita upande wa pili. Nimekuwa nikijiambia kwamba nilikuwa na nafasi ya kumwita. Sikuwa nayo. Wangetukamata kabla ya mto, na mtoto angeona.

Wajomba walijaribu kumwombea aje kwangu hata kwa siku mbili. Heche amewaambia mtoto ana ng'ombe wake, na wa mwisho ni mweupe, kila mtu alimwona. Nikikanyaga kule amesema hatanipiga tena, atanimaliza, na sidhani kwamba anatania.

Sikuandikii ili uniombe radhi. Radhi zako ninazo mbili kwenye karatasi, na zote zinaishia kwenye habari za mashine yako. Sitaki ng'ombe wako wa mwakani wala wa mwaka kesho kutwa. Mahari imekubaliwa na kuongezwa, ukileta ng'ombe leo wazee watakuuliza ni wa nini. Nimeozwa mara mbili, ndugu yangu, na ya pili ni wewe. Mara ya kwanza alikuwa baba, naye angalau aliniuliza. Na usije hapa Sirari. Ukija kununua waya, mtume mtu.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo ambalo Agustina ameniambia juzi, na katika watu wote wa ukoo wetu ni wewe tu unayeliweza. Alipita Nyansurura na dagaa wake akamwona Verdiana uani. Amenyolewa kichwa chote, ngozi inang'aa. Agustina akauliza mtoto ana upele? Mke mdogo akasema hapana, amefiwa. Wamemwambia mama yake alikufa safarini, wakamnyoa kama yatima, wakamkalisha kwenye matanga. Sasa usiku analala na mke mdogo, na ameanza kumwita mama.

Mimi siwezi kufika. Wajomba wanafukuzwa getini. Agustina hawezi kusogea karibu, anauza na kuondoka. Lakini wewe Heche bado anakuita shemeji. Wewe ukifika utawekewa kiti, utaletewa maji ya kunawa, utachinjiwa kuku, na mtoto ataitwa aje kumwamkia mjomba wake.

Nenda, Elia. Akija kukuamkia, mshike hicho kichwa, umwambie mama yake hajafa.

Bhoke